Mama yuko Goma, mtoto yuko na nani? Bangi na walezi wa watoto mpakani Rubavu

NA MWANDISHI WETU, RUBAVU

PETITE BARRIÈRE, kivuko kidogo kinachotenganisha Gisenyi na Goma, huchangamka mapema. Wanawake wenye mabeseni ya nyanya, mafungu ya karoti, vitunguu na kabichi hupanga foleni wakiwa na vibali vyao mkononi, kila mmoja akihesabu saa. Anayewahi sokoni huuza kwa bei nzuri. Anayechelewa hurudi na nyanya zilizoanza kulainika.

Wengi wao ni mama wa watoto wadogo. Lakini beseni kichwani na mtoto mgongoni, katikati ya msongamano na jua, si safari ambayo mtu anaweza kuifanya kila siku. Kwa hiyo mtoto hubaki. Hubaki na bibi yake, na jirani, na yaya aliyeletwa kutoka kijijini, na dada yake ambaye naye bado ni mtoto, katika kituo cha malezi kinachoitwa irerero kwa Kinyarwanda, au na mwanamke anayekusanya watoto kadhaa uani kwake kwa malipo madogo ya siku.

Mapatano ya namna hii mara nyingi huwa ya mdomo. Mama huuliza bei, saa ya kumchukua mtoto, na kama uji upo. Lipo swali moja ambalo ni gumu kulitamka: huyu ninayemwachia mwanangu, anavuta bangi? Na kama anavuta, anavuta saa ngapi?

Swali hilo haliwahusu wa Rubavu peke yao. Linamhusu mfanyakazi wa Nairobi au Dar es Salaam anayemwacha mtoto na dada wa kazi, na mchuuzi wa Kampala au Bujumbura anayemwacha kwa jirani. Lakini hapa lina uzito wake. Mji huu uko kwenye njia ambayo bangi, au urumogi kama inavyoitwa na Wanyarwanda, hupitishiwa kutoka Kongo, na Polisi ya Rwanda hutangaza mara kwa mara kukamatwa kwa wanaoivusha. Hapo hapo, uchumi wa familia nyingi unategemea mama kuwa huru kuvuka bila mtoto. Bangi na malezi ya kulipwa vinaishi katika mitaa ile ile.

“Nikivuta natulia”

Watetezi wa mvutaji wana hoja yao, na si ya kupuuzwa. Husema kuwa bangi humfanya mtu atulie, na mlezi mtulivu hapigi watoto. Husema pia kuwa mlevi wa pombe ndiye wa kuogopwa, kwa kuwa hupiga kelele na kurusha mikono.

Hofu ya kipigo ina msingi. Novemba 2014, picha za video zilizochukuliwa kwa siri katika nyumba moja ya Kampala zilionyesha yaya akimpiga na kumkanyaga mtoto mdogo. Zilisambaa duniani, yaya akashtakiwa na kufungwa. Kesi ile haikuwa ya bangi, lakini tangu wakati huo mzazi wa Afrika Mashariki akifikiria yaya mbaya, humfikiria yaya mkatili.

Hata hivyo, mtoto wa mwaka mmoja au miwili haumizwi na ukatili tu. Huumizwa pia na mtu mzima kutokuwa macho. Huweka punje ya mahindi mdomoni ikakwama kooni. Huelekea kwenye jiko la makaa lenye sufuria ya maharage. Huinamia ndoo ya maji na kutumbukia kichwa chini, na dakika chache zinatosha kumaliza maisha yake. Katika ajali zote hizo hakuna aliyemkasirikia mtoto. Kilichokosekana ni jicho lililomtazama na mkono uliowahi.

Hapo ndipo utulivu wa bangi unapogeuka kuwa hatari. Kemikali yake kuu, THC, hufika kwenye ubongo ndani ya dakika chache baada ya kuvutwa, na athari zake huweza kudumu kwa saa kadhaa. Ikiliwa, kwa mfano ndani ya keki au mandazi, huchelewa kushika kwa nusu saa hadi saa mbili, kisha hudumu muda mrefu zaidi. Shirika la Afya Duniani (WHO), katika ripoti yake ya mwaka 2016 kuhusu bangi isiyotumiwa kama tiba, limeeleza kuwa ulevi wake huathiri umakini, kumbukumbu ya muda mfupi na uratibu wa viungo. Mvutaji pia hupoteza kipimo cha muda: dakika kumi na tano anaweza kuziona kama tano, au kinyume chake.

Ukiorodhesha uwezo huo ulioguswa, umeorodhesha kazi yote ya mlezi. Anatakiwa kukumbuka kama mtoto amekunywa dawa saa nne au bado. Anatakiwa kujua amelala kwa muda gani. Anatakiwa kusikia ukimya usio wa kawaida nyuma ya nyumba, akainuka mara moja.

Kuna pia moshi wenyewe. Moshi wa bangi ndani ya chumba hubeba THC na sumu nyingi zinazofanana na zile za tumbaku, na mapafu ya mtoto mchanga ni madogo. Mabaki yakiachwa chini, mtoto atayaokota na kuyala, kwa maana kila kitu kwake ni chakula mpaka aambiwe vingine. Mtoto aliyekula bangi anaweza kulala usingizi usio wa kawaida, kuyumba, na hata kupumua kwa shida. Huyo ni mgonjwa wa kukimbizwa hospitali, na mlezi anayeogopa polisi ndiye atakayechelewa kumpeleka.

Mji unaodai macho

Mahali pengine mlezi anaweza kubahatisha. Rubavu si mahali pa kubahatisha.

Upande mmoja kuna Ziwa Kivu, lenye fukwe zinazovutia watoto kutoka kila mtaa. Mto Sebeya unaotiririka hadi ziwani ulifurika usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023, katika mafuriko na maporomoko yaliyoua watu zaidi ya 130 Magharibi na Kaskazini mwa Rwanda. Kaskazini umesimama mlima Nyiragongo. Upande wa Goma kuna mabonde madogo yenye kile ambacho wenyeji hukiita mazuku, hewa nzito ya kaboni dayoksaidi inayotulia chini. Mtu mzima aliyesimama anaweza asiiguse, lakini mtoto anayecheza bondeni ikamfunika kichwa.

Tarehe 22 Mei 2021, Nyiragongo ulilipuka jioni. Maelfu ya watu wa Goma walivuka usiku kuingia Rubavu wakiwa na magodoro na masufuria, na siku zilizofuata mitetemeko ya ardhi ikapasua nyumba na barabara pande zote mbili. Siku moja baada ya mlipuko, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Watoto (UNICEF) lilisema watoto zaidi ya 150 walikuwa wametengana na familia zao, na wengine zaidi ya 170 walihofiwa kupotea. Hakuna aliyewapoteza kwa makusudi. Ilikuwa giza, watu walikuwa wengi, na kila mtoto aliyefika salama alikuwa ameshikwa na mtu aliyejua anamshika nani.

Januari 2025, mapigano yalipoingia Goma, makombora yaliangukia upande wa Rubavu na kuua watu. Familia zilihama kwa haraka. Siku kama hiyo mama anaweza kuwa sokoni ng’ambo huku mpaka ukiwa umefungwa, na uamuzi wote, kukimbia au kubaki, kuelekea wapi na watoto wangapi, uko kwa mtu aliyeachiwa watoto.

Na mpaka hufungwa. Ulifungwa Machi 2020 kwa sababu ya Covid-19. Juni 2022, baada ya askari wa Kongo kuuawa kwa risasi Petite Barrière, upande wa Kongo ulianza kufunga saa tisa alasiri. Kwa mzazi aliye mbali, saa moja ya mlezi kulewa si saa moja tu: haijulikani itakuwa saa ipi.

Sheria kali, midomo iliyofungwa

Kisheria, swali kama mlezi anaweza kuvuta bangi akiwa kazini lina jibu fupi nchini Rwanda. Haruhusiwi, akiwa kazini au nyumbani kwake. Sheria ya makosa na adhabu ya mwaka 2018, katika kifungu cha 263, inampa mtumiaji wa dawa za kulevya kifungo cha kati ya mwaka mmoja na miwili au kazi za manufaa ya umma. Kuzalisha, kusafirisha, kuhifadhi, kumpa mwingine au kuuza ni kosa zito zaidi. Agizo la Waziri wa Afya la Machi 2019 limeiweka bangi katika kundi la dawa kali kabisa, na kwa kundi hilo adhabu inaweza kufika kifungo cha maisha.

Ruhusa iliyotolewa na Baraza la Mawaziri Oktoba 2020, na kufuatiwa na agizo la Juni 2021, inahusu kilimo na usindikaji wa bangi kwa ajili ya tiba na utafiti, chini ya leseni. Haikumgusa mvutaji wa mtaani. Katika Jumuiya ya Afrika Mashariki nzima, kuanzia Dar es Salaam hadi Kinshasa, hakuna nchi inayomruhusu mtu mzima kuvuta bangi kwa starehe.

Basi mjadala umekwisha? Haujakwisha, kwa kuwa sheria inajibu swali la polisi, na mama ana swali lake.

Chukua mama anayerudi jioni na kusikia harufu kwenye nguo za mtoto. Anayemlelea ni binti wa shangazi yake, au jirani aliyemsaidia alipojifungua. Akienda kulalamika kwa mkuu wa mudugudu, binti huyo anaweza kufungwa. Familia itamuuliza kwa nini amempeleka ndugu jela. Kesho yake asubuhi hatakuwa na wa kumwachia mtoto, na asipovuka, hakuna chakula. Uamuzi ulio rahisi kwake ni kufua nguo za mtoto na kunyamaza.

Mlezi naye ana hesabu yake. Kwa kuwa kuvuta ni jela, atavuta kwa kujificha: chooni, nyuma ya nyumba, chumbani mlango ukiwa umefungwa. Kujificha kwenyewe kunamtenga na watoto anaotakiwa kuwatazama. Na anayetaka kuacha hana wa kumwambia, hasa kama mwajiri wake ndiye pia mwenye nyumba anayolala.

Hii haimaanishi sheria ilegezwe. Watu wengi wa ukanda huu wangepinga, na mji unaopitiwa na biashara ya magendo una sababu ya kuwa mkali. Inamaanisha kwamba ukali peke yake haumlindi mtoto ikiwa kila anayeona anaogopa kusema. Kati ya kunyamaza na jela panahitajika mlango wa tatu.

Walioruhusu bangi wameweka mpaka kwa mtoto

Jambo la kuzingatiwa ni kwamba hata nchi zilizoamua kuwaachia watu wazima uhuru wa kuvuta zimesimama zilipofika kwa watoto. Ujerumani iliruhusu bangi kwa watu wazima kuanzia tarehe 1 Aprili 2024, lakini sheria hiyo hiyo inakataza kuivuta mbele ya mtu aliye chini ya miaka 18. Jimbo la California, Marekani, lilipiga kura ya kuihalalisha mwaka 2016, na sheria yake inakataza kuvuta au kuwa nayo katika eneo la shule au kituo cha kulelea watoto wakati watoto wapo. Afrika Kusini, ambako Mahakama ya Katiba ilitoa uamuzi mwaka 2018 kuhusu matumizi ya faragha, uhuru huo ni wa mtu mzima na wa faragha.

Kwa hiyo anayesema kuwa bangi ni haki ya mtu mzima na anayesema ni uovu wanaweza kukutana mahali pamoja. Uhuru wa mtu mzima, popote ulipo, unahusu mwili wake na muda wake. Mlezi aliye kazini ameshauahidi muda huo kwa mtu mwingine. Waswahili huita kitu cha namna hiyo amana, na mwenye kushika amana haitumii apendavyo mpaka mwenyewe arudi.

Kipimo hicho kinaigusa pombe pia, na hapa wengi hujikwaa. Bia na urwagwa wa ndizi ni halali, lakini mlezi aliyelewa urwagwa hana tofauti na aliyelewa urumogi mbele ya mtoto anayezama. Dawa za usingizi zilizonunuliwa dukani ni vivyo hivyo. Jamii inayomfukuza yaya kwa harufu ya bangi na kumchekea babu anayelea wajukuu akiwa na chupa ya tatu inaadhibu harufu, hailindi watoto. Swali la kumuuliza kila mlezi ni moja: kama ardhi itatikisika sasa hivi, unaweza kuwahesabu watoto hawa na kuwatoa nje?

Mlango wa tatu

Rubavu haina haja ya kuanza na mikono mitupu. Rwanda imesambaza vituo vya malezi ya awali kwa watoto wa hadi miaka sita, vikiwemo vile vya nyumbani ambako wazazi hupokezana zamu, chini ya Wakala wa Taifa wa Maendeleo ya Mtoto (NCDA). Karibu na mpaka vipo vilivyokusudiwa mahususi kwa watoto wa wafanyabiashara wanaovuka. Faida yake kubwa ni kwamba mlezi hayuko peke yake. Panapokuwa na watu wazima wawili, mmoja akichoka, akiugua au akilewa, mwingine anaona. Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana.

Katika kila mudugudu kuna pia Inshuti z’Umuryango, marafiki wa familia, wawili wa kujitolea, mwanamume na mwanamke, wanaoshughulikia mambo ya watoto na migogoro ya nyumbani. Kuna umugoroba w’imiryango, kikao cha jioni cha familia. Hapo ndipo mahali pa kulizungumza jambo hili kabla halijawa kesi: walezi wote wa mtaa kujulikana kwa majina, kila mmoja kuwa na idadi ya watoto anayoimudu, na makubaliano ya wazi kwamba saa za malezi ni saa kavu, bila bangi na bila pombe.

Mzazi naye ana sehemu yake, na haigharimu faranga. Anaweza kuuliza waziwazi siku ya kwanza, kabla hajamzoea mlezi, kwa kuwa swali linaloulizwa kwa kila mtu halimtukani yeyote. Anaweza kurudi siku moja saa ambayo hakutarajiwa, au kumwomba jirani apite. Anaweza kumtazama mtoto jioni: usingizi mzito usio wake, macho mekundu, harufu kwenye nywele, njaa ya mtoto ambaye hakulishwa mchana kutwa. Mtoto mkubwa kidogo aulizwe leo alicheza nini na nani alimpa chakula. Dalili za hatari zikiwepo, namba 116 hupokea taarifa za watoto bila malipo, na 166 ni ya Idara ya Upelelezi ya Rwanda (RIB). Mtoto aliyekula kitu kisichojulikana apelekwe hospitali kwanza, maswali baadaye, na daktari aambiwe ukweli.

Mlezi anayetaka kuacha naye anahitaji pa kwenda. Kisiwa cha Iwawa, kusini mwa hapa katika wilaya ya Rutsiro, kimekuwa na kituo cha kuwarekebisha vijana wa kiume tangu mwaka 2010. Walezi wengi, hata hivyo, ni wanawake na wasichana. Kwao njia ya karibu ni huduma ya afya ya akili katika hospitali ya wilaya, na hospitali ya Ndera mjini Kigali kwa hali ngumu zaidi. Mwajiri anayemwambia yaya wake “nenda ukatibiwe, nafasi yako ipo” hulinda watoto wengi kuliko anayemfukuza usiku, kwa kuwa aliyefukuzwa ataajiriwa mtaa wa pili na mtu asiyejua lolote.

Wa mwisho ni serikali za ukanda huu. Nchi zote nane za jumuiya zimeridhia Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989. Kifungu cha 33 kinazitaka zimlinde mtoto na dawa za kulevya, na hilo husemwa sana. Kifungu cha 18 husemwa kidogo: kinazitaka zihakikishe watoto wa wazazi wanaofanya kazi wanapata huduma za malezi. Vifungu hivyo viwili vinategemeana. Mama mwenye kituo cha kuaminika karibu na mpaka anaweza kumkataa mlezi mlevi. Mama asiye nacho atamvumilia.

Tangu Kongo ilipojiunga na jumuiya mwaka 2022, mazungumzo ya mpaka huu yamekuwa ya ushuru, vibali, usalama na bei. Yote hayo ni ya lazima. Lakini biashara ndogo ya Gisenyi na Goma inasimama pia juu ya bega la mtu ambaye hayumo katika takwimu yoyote ya forodha: yule aliyebaki nyumbani, ameketi mlangoni, na watoto wanne wasio wake wanacheza mbele yake.

Jioni foleni hugeuka. Mabeseni hurudi matupu, miguu ina vumbi jeusi la Goma, na kila mama hukata kona kuelekea alikomwacha mwanawe. Anachotaka kukikuta huko ni kitu kidogo sana: mtoto amekula, amelala kidogo, na mtu aliyekuwa naye anaweza kumweleza, saa kwa saa, siku ilivyokwenda.